UZI: Bendisoo ile ile, jina jipya, bei tofauti kila nchi. Someni kabla hamjatuma pesa

Fundi_Mvule

Salaam aleikum mafundi wenzangu, wa Kisauni, Changamwe, Likoni hadi Mtwapa.

Karibu kila mtu anayetaka bendisoo, yaani msumeno wa bledi ya mkanda inayozunguka kwenye magurudumu mawili, siku hizi huanzia kwenye picha ya simu. Ameona mashine kwenye duka la Marekani, akazidisha bei ya dola kwa 130 apate shilingi, akaenda kuuliza mjini na kurudi na hasira kwamba wafanyabiashara wetu ni wezi. Mwengine ameona ya Uingereza, mwengine ya Dubai, mwengine ana namba ya muuzaji wa China ambaye bei yake haitoshi kununua hata mota peke yake. Nimeona niandike niyajuayo mahali pamoja, maana pesa za watu zapotea, na kijana aliyeuza pikipiki yake apate mashine hastahili kubaki na chuma kisichozunguka.

Naanza na mwili wa mashine, kwa sababu bei haisomeki kama hujui watazama nini.

Bendisoo nyingi za inchi 14, yaani kipenyo cha gurudumu, zatoka nyumba mbili. Ya kwanza ni ya Delta ya Marekani, umbo la miaka ya 1930: mkono wa chuma cha kusubu umekaa juu ya kitako cha chuma hicho hicho, vimeshikwa na bolti moja nene. Viwanda vya Taiwan viliiga umbo hilo vikaliuza kwa rangi ya kila kampuni iliyoagiza. Ndiyo sababu mashine ya kijani, nyeupe na ya buluu zote zavaa bledi ya inchi 93½, yaani milimita 2,375. Ukitia kile kipande cha kuinua mkono kwa inchi 6, bledi yawa inchi 105. Delta yenyewe mwaka 2011 ilinunuliwa na Chang Type, kampuni ya Taiwan, basi aliyekuwa akiigwa sasa yumo mikononi mwa waliokuwa wakiiga.

Nyumba ya pili ni ya Kitaliano, kina Centauro, ACM na Minimax. Fremu yake ni bamba la chuma lililokunjwa likachomelewa kama sanduku. Umbo hili ndilo limeteka soko, kwa sababu lapasua ubao mpana tangu kiwandani na haliyumbi unapokaza bledi. Taiwan na China nao walitengeneza kwa wingi, na huko ndiko mchezo wa majina ulikozidi. Kiwanda kimoja chatoa fremu moja. Kampuni ya Marekani yaweka fensi yake (kile cha kuongozea ubao), ya Uingereza yaweka breki na swichi yake, ya Australia yabandika jina lake. Wewe huku waona mashine tatu.

Sasa mabadiliko ya modeli. Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Rikon. Modeli yao ya 10-325 ilikuwa ya 1.5 HP (nguvu-farasi), kimo cha kupasua inchi 13, bledi inchi 111. Ikaja 10-326: kimo kile kile, bledi ile ile, mota 1.75 HP na vishikio vya bledi vinavyorekebishwa bila spana. Basi ukimpata mtu anayeuza 10-325 iliyotunzwa, usiidharau kwa sababu ya namba. Record Power ya Uingereza walikuwa na mfululizo wa BS, wakaleta Sabre. Jina la Startrite, ambalo wazee walijua ni mashine ya Kiingereza yenye kujitegemea, leo ni mali ya hao hao Record Power. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni Startrite," muulize ya enzi gani.

Jet wanaouza Ulaya huongeza herufi mwishoni: M ni ya 230V fezi moja (stima ya kawaida ya nyumbani), T ni ya 400V fezi tatu (stima ya viwandani). Herufi hiyo moja yaweza kukufanya urudi nyumbani na mashine ambayo stima ya karakana yako haiiwezi.

Mkitaka kujua kama modeli mpya imepunguzwa chuma, kuna njia rahisi kuliko kusoma sifa: tafuteni uzito kwenye kitabu cha ile ya zamani na cha ile mpya. Kilo zikishuka sana na vipimo ni vile vile, chuma kimetolewa mahali. Mara nyingi hutolewa chini ya meza, pale meza inapoinamia. Hapo ndipo naweka mkono wangu kwanza nikikagua mashine. Napitisha kidole kwenye ile duara ya kuinamisha: ikiwa ni chuma cha kusubu yahisika nene na baridi, kingo zake zina ukwaru, ikiwa ni bati lililobanwa au aluminiamu nyembamba yajulikana papo hapo. Kisha naibonyeza pembe ya meza kwa kiganja. Meza ikicheza bila mzigo, ubao wa mbambakofi utaifanyaje?

Bei nitaandika posti ijayo.

Fundi_Mvule

Naendelea. Bei ya Marekani huandikwa bila kodi ya mauzo. Majimbo mengi yatoza yake unapolipa. Bei ya Uingereza huandikwa na VAT ndani yake, asilimia 20. Ujerumani 19, Afrika Kusini 15, Imarati 5. Kwa hiyo mashine ya pauni 1,200 kwenye duka la Uingereza ni ya pauni 1,000 kwa hakika, zile 200 ni za serikali yao. Ukilinganisha 1,200 ya Uingereza na bei ya Marekani moja kwa moja, hesabu imeharibika kabla hujaanza. Na duka likikusafirishia lenyewe hadi Mombasa laweza kukuuzia bila ile VAT. Lakini binamu yako wa Leicester akienda kulipia dukani na kupakia mwenyewe, VAT hiyo hairudi, na huku utalipa ya kwetu tena.

Jambo la pili ni ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China na Taiwan. Watu bado wanaishi na fikra ya zamani kwamba mashine Marekani ni rahisi kuliko popote. Tangu 2018 na 2019 mashine nyingi za China ziliwekewa asilimia 25 zaidi kuingia kule. Mwaka 2025 Taiwan nao wakatangaziwa asilimia 32 mwezi wa nne, ikashuka hadi 20 mwezi wa nane. Mashine iliyotoka Taiwan ikaenda Marekani wakati huo imeshabeba mzigo huo, na wewe ukiitoa kule kuileta Kilindini wausafirisha ushuru ambao haukuhusu. Mashine hiyo hiyo kutoka Taiwan moja kwa moja, au Dubai, haina huo.

Tatu, shilingi yetu ya Kenya. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu 160, na baadaye mwaka huo ikarudi kwenye 129. Mzigo wa dola 1,000 ulikuwa laki moja na sitini, ukawa laki moja na elfu ishirini na tisa. Duka lenye mzigo wa zamani laandika bei ya zamani. Hapo mteja ana haki ya kuuliza umeingia lini.

Kijana_wa_Likoni

Shukran kaka, elimu kubwa. Mimi nina shemeji Jeddah, amenitumia picha ya bendisoo ya 2 HP, bei yake ni ya kutamanisha. Asema stima ya huko ni 220 kama yetu. Nimwambie apakie?

Fundi_Mvule

Subiri kwanza ndugu yangu. Volti zafanana lakini Saudia ni 60 Hz (mizunguko ya stima kwa sekunde), sisi ni 50. Dubai ni 50, India ni 50, Afrika Kusini ni 50. Saudia na Marekani ni 60.

Mota ya 60 Hz inayozunguka 1,725 kwa dakika ikija kwetu yazunguka kama 1,430. Bledi iliyokuwa ikienda futi 3,000 kwa dakika yaenda 2,500. Hilo si balaa, wengine wangelivumilia. Balaa ni moto. Gawanya volti kwa Hz: 230 kwa 60 ni 3.8, 240 kwa 50 ni 4.8. Chuma cha ndani ya mota kinalazimishwa kubeba sumaku robo zaidi ya kile kilichoundiwa. Mota yavuta ampea nyingi hata haijakata kitu, yapata moto, na siku ya kupasua mvule mkavu yanuka vanishi ya nyaya zake ikiungua.

Mashine yenyewe yaweza kuwa nzuri. Kama bei yake ni ya chini kiasi cha kununua mota nyengine ya 50 Hz hapa Mombasa na bado ukabaki na faida, ichukue. Ukibadilisha mota, badilisha na puli: ya mota iwe kubwa kwa sehemu ya tano. Ikiwa ni ya inchi 2½, tia ya inchi 3, bledi itarudi kwenye mwendo wake wa kiwandani. Na muulize shemeji apige picha kibao cha mota, si mlango wa mashine. Baadhi ya mota zimeandikwa 50/60 Hz, na hizo hazina neno.

Kijana_wa_Likoni

Nimemwandikia. Allah akulipe.

Mzee_Shimanzi

Vijana, nawasoma kwa makini, lakini naona mwapoteza nguvu kwa hizi mashine za inchi 14. Mimi nimefanya kazi na magurudumu makubwa maisha yangu yote na sioni sababu ya mtu anayepasua mbao kwa riziki kununua kidude cha nyumbani.

Kuna kanuni ya zamani: unene wa bledi usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Bledi za kawaida madukani ni za unene wa milimita 0.64. Kwa kanuni hiyo zataka gurudumu la milimita 640, kama inchi 25. Ukiivisha kwenye gurudumu la inchi 14 yapinda kuliko inavyoweza, kila mzunguko, na mwisho yapata nyufa kwenye mabonde ya meno. Mwaja kulia kwamba bledi za siku hizi ni mbovu. Bledi si mbovu, yakunjwa kupita kiasi.

Kwa pesa ya mashine mpya ya inchi 14 mwapata kuukuu ya chuma cha kusubu, ya Kiingereza au ya Kijapani, itakayowazika nyote.

Fundi_Mvule

Mzee wangu, kanuni yako ni ya haki na nashukuru umeileta. Lakini niruhusu nitofautiane nawe mahali pamoja. Si kila mtu apasua magogo. Kuna vijana wanaokata miguu ya viti, mapambo ya milango, vibao vya kuchonga. Kwao gurudumu la inchi 14 na bledi nyembamba ya upana wa robo inchi yatosha, na kibanda chao cha Bombolulu hakina fezi tatu. Ile kuukuu yako yataka sakafu ya zege na watu sita kuishusha kwenye lori. Anayepasua, nakubaliana nawe moja kwa moja: inchi 18 kwenda juu.

Mzee_Shimanzi

Haya, hapo tumepatana. Ila anayenunua kuukuu atazame magurudumu. Aondoe bledi, azungushe la juu kwa mkono, aweke penseli karibu na ukingo. Gurudumu likigusa penseli upande mmoja na kuiacha upande mwengine, shafti imepinda au beringi zimekwisha. Beringi si shida, 6204 na 6205 ziko kila duka. Shafti ni shida.

Wakala_Bandari

Nimeona kodi ya huku kwetu imeguswa tu bila hesabu, naomba niweke sawa kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mashine za kukatia mbao ziko chini ya kichwa 84.65, na misumeno ni 8465.91. Kwenye jedwali la pamoja la Afrika Mashariki mashine hizi zina ushuru wa asilimia 0. Msikubali mtu awaandikie mzigo kama "vifaa vya umeme" na kuwatoza asilimia 25. Mwambieni wakala awaonyeshe mstari wa namba kwenye hati.

Kisha kuna ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, tozo ya reli asilimia 2, na VAT asilimia 16. Zote zahesabiwa kwenye thamani ya CIF, yaani bei ya mashine pamoja na nauli na bima hadi Mombasa. Si kwenye bei ya kiwandani peke yake, na hapo ndipo wengi hushtuka.

Tuseme CIF yako ni 150,000. Ada ya tamko 3,750. Reli 3,000. VAT 24,000. Jumla 30,750, mashine imefika 180,750 kabla hujalipa stoo, karatasi za meli, ada yangu na lori. Kwa mzigo wa kuchangia kontena hizo za mwisho ndizo zinazouma, kwa sababu hazijali kama mashine yako ni ya laki moja au laki tano. Mashine ndogo moja peke yake mara nyingi haina hesabu. Watu watatu wanne wakiungana wakaleta pamoja, yawa na hesabu nzuri.

Na tafadhali, cheti cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kipatikane kabla mzigo haujapakiwa kule utokako. Mzigo ukifika bila cheti, utakaa, na kukaa bandarini kwalipiwa kwa siku.

DadaSamani

Wakala, swali. Nauli kutoka Ulaya imepanda sana kuliko niliyonukuliwa zamani, ya China haikupanda vile. Ni kweli au nachezewa?

Wakala_Bandari

Ni kweli dada. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi ziliacha kupita Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikawa zazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini. Mzigo wa Italia au Uingereza njia yake ni hiyo ya Bahari ya Shamu. Wa China na Taiwan waja kwetu kwa Bahari ya Hindi tu, hauigusi Bahari ya Shamu. Kwa hiyo mashine ya Kitaliano ilipata pigo la nauli ambalo ya China haikupata, na mwenye duka ataliweka kwenye bei.

Pasua_Mtwapa

Mimi natumia ya China, MJ346. Nataka kuwatetea kidogo, maana watu wakisikia China wakunja uso. Zile herufi na namba zina mpango: MJ ni ya misumeno ya mbao, na tarakimu ya mwisho kwenye hizi za meza ndiyo gurudumu. MJ344 ni milimita 400, 345 ni 500, 346 ni 600. Viwanda vingi tofauti vyatumia namba hizo hizo, kwa hiyo MJ346 ya huyu si MJ346 ya yule. Namba yakupa ukubwa, haikupi ubora.

Hapo ndipo bei inapotofautiana na watu wasielewe. Nilipoomba bei kwa wauzaji kadhaa nilipata tofauti kubwa kwa namba ile ile. Nikawauliza wote uzito wa mashine bila sanduku, kilowati za mota, na picha ya gurudumu limewekwa kwenye mizani ya kusawazisha. Wale wa bei ya chini kabisa walinyamaza kwenye ile picha. Aliyenitumia ndiye niliyenunua kwake.

Yangu ni ya fezi tatu 380V 50 Hz, hapa naiendesha kwa 415 bila tatizo. Mwarubaini na mwembe napasua kila siku.

Fundi_Mvule

Pasua, umeniwahi kwenye jambo la kilowati, wacha niliongeze kwa sababu hapo ndipo modeli moja huonekana mbili.

HP moja ni wati 746. Marekani wataandika 1.5 HP, hiyo ni 1.1 kW inayotoka kwenye shafti. Ulaya duka moja laandika 1.1 kW, na jengine laandika nguvu inayoingia kwenye mota, labda 1.5 au 1.8 kW, ionekane kubwa. Kisha kuna S1 na S6. S1 maana yake mota yaweza kubeba mzigo huo siku nzima. S6 asilimia 40 maana yake kwa kila dakika 10 yabeba mzigo dakika 4, zilizobaki yazunguka bure ipoe. Mota ya 2 kW S6 si sawa na ya 2 kW S1, na kwa fundi wa Mombasa anayepasua mchana kwenye joto la mwezi wa tatu tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kisichodanganya ni ampea. Kwa 240V fezi moja, 1.1 kW ya kweli huvuta kama ampea 7 hadi 8. Ya 2.2 kW huvuta 13 au 14, na hiyo haifai kwenye plagi ya kawaida ya ampea 13; yataka swichi yake na waya wake kutoka kwenye boksi. Mtu akikuuzia "3 HP" yenye plagi ya kawaida, soma kibao.

Na breki. Mashine za Ulaya mara nyingi zina breki kwa sababu kanuni zao zataka bledi isimame ndani ya sekunde 10 ukizima. Hiyo ni sehemu ya bei yake, na ni sehemu ninayoipenda. Nimeona fundi akizima mashine na kunyoosha mkono kuchukua kipande huku bledi bado yazunguka kimya kimya. Kwenye mashine nyingi za masoko mengine breki haipo kabisa. Mkilinganisha bei, tieni hilo kwenye mizani.

DadaSamani

Nina swali langu la kweli sasa, limenileta hapa. Kuna yadi ya mitumba ya Japani, nimeona bendisoo nzito ya chuma cha kusubu, gurudumu nimepima sentimita 60. Bei wameniambia elfu themanini na tano. Mwenye yadi asema nifunge tu fezi tatu ianze kazi. Fundi wangu wa stima ana wasiwasi.

Mzee_Shimanzi

Hiyo ndiyo mashine niliyokuwa nasema. Ichukue mwanangu, lakini msikilize fundi wako wa stima.

Fundi_Mvule

Dada, usiifunge kwenye 415 hata kwa kujaribu. Fezi tatu ya Japani ni 200V. Tafadhali tuma yaliyoandikwa kwenye kibao cha mota. Mara nyingi kipo nyuma, kimezibwa na vumbi lililoshikana na grisi. Kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usikikwangue kwa bisibisi.

DadaSamani

Nimerudi yadi. Nimesafisha kama ulivyosema. Kumeandikwa: 1.5 kW, 4P, kisha mistari mitatu. 200V 50Hz, 200V 60Hz, 220V 60Hz. Ampea mstari wa kwanza 6.8. Mzunguko 1420.

Fundi_Mvule

Maashallah, hiyo ni mota ya kawaida ya Kijapani na imekuja na bahati yako. Mashariki ya Japani, Tokyo huko, ni 50 Hz; magharibi, Osaka, ni 60. Ndiyo sababu waliandika yote, na ule mstari wa 50 wakufaa wewe bila kugusa puli.

Nunua inverta ya 2.2 kW inayoingiza 240V fezi moja na kutoa fezi tatu. Hakikisha imeandikwa yaingiza fezi moja, kwa sababu nyengine zataka tatu upande wa kuingia pia. Fezi tatu ya kampuni ya stima hutaihitaji kabisa, na gharama ya kuivuta umeiokoa. Mwambie fundi aiweke hivi: volti ya mota 200, Hz ya msingi 50, kikomo cha juu 50, ampea 6.8. Muda wa kuanza usiwe chini ya sekunde 10, magurudumu ya sentimita 60 ya chuma ni mazito na ukiyalazimisha yaanze haraka inverta itajizima. Kusimama iache yasimame yenyewe, au nunua kinzani cha breki kinachofungwa kwenye inverta hiyo.

Ile swichi ya zamani iliyo kwenye mashine isikae kati ya inverta na mota. Mota iungwe moja kwa moja kwenye inverta, na vitufe vya kuwasha na kuzima vitoke kwenye inverta yenyewe. Muungano ukikatwa hapo kati huku mota yafanya kazi, inverta yaweza kuungua.

Kuhusu bei, elfu themanini na tano waweza kuishusha. Fanya ile kazi ya penseli aliyoisema mzee, kisha tazama tairi za mpira kwenye magurudumu. Zikiwa zimepasuka au zimekauka mwambie mwenye yadi, hizo zahitaji kubadilishwa na ni pesa.

DadaSamani

La chini tairi limepasuka mahali pawili. La juu ni zima. Penseli haikuacha pengo lolote. Amekubali sabini na mbili na kunipakilia kwenye lori. Bledi haina, nitajuaje urefu?

Mzee_Shimanzi

Lete gurudumu la juu katikati ya njia yake, si juu kabisa wala chini kabisa. Zungusha uzi usiovutika kwenye magurudumu yote mawili, kata, upime. Kisha hakikisha kwa hesabu: pima kati ya shafti mbili, zidisha mara mbili, ongeza kipenyo mara 3.14. Vikifanana kwa sentimita moja au mbili, mpelekee anayechomelea bledi namba ya uzi.

DadaSamani

Kati ya shafti ni sentimita 108. Uzi umenipa 404.

Mzee_Shimanzi

216 na 188 ni 404. Kachomelewe bledi ya milimita 4,040, upana inchi moja, meno matatu kwa inchi kama utapasua. Ukiivaa mara ya kwanza zungusha kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kuwasha, uone inakaa katikati ya tairi.